Umepunguzwa kazini? Fuata hatua hizi kabla hujasaini chochote

Kila kampuni inapopunguza watu, maswali huwa yale yale. Nisaini au nisisaini? Nitalipwa shilingi ngapi? NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) wanatoa nini? Nimeshachelewa kwenda CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayoshughulikia migogoro ya kazi? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio ambao mambo hutokea, kuanzia tangazo la kwanza mpaka malipo.

Kwanza hakikisha unakuhusu. Ni kwa mfanyakazi wa sekta binafsi Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mtumishi wa umma ana njia yake ya rufaa kupitia Tume ya Utumishi wa Umma. Zanzibar wana sheria yao, Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005, kwa hiyo viwango vya hapa usivibebe kwenda navyo huko. Na ile habari ya kiinua mgongo (malipo ya mwajiri kwa miaka uliyomtumikia) cha "siku 15 za mshahara kwa kila mwaka" inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ni ya Kenya. Huku kwetu ni siku 7, na ukimwendea mwajiri na hesabu ya 15 atajua mara moja kwamba hujui unachodai.

Jambo la pili: kupunguzwa si kufukuzwa. Anayefukuzwa ana kosa. Anayepunguzwa hana kosa, ila biashara imeyumba, kitengo kimefungwa au mashine imechukua nafasi ya watu. Barua yako lazima iseme hivyo waziwazi, kwa sababu kiinua mgongo na fao la NSSF vinategemea maneno yaliyomo ndani yake.

Vitu vya kukusanya kabla ya kuanza

Kusanya ukiwa bado una kitambulisho cha getini. Ukishakirudisha, hata kupata fotokopi ya mkataba wako mwenyewe kunaweza kuchukua wiki.

- Mkataba wa ajira na barua zote za nyongeza ya mshahara au kuhamishwa.
- Hati za mshahara (slipu) za miezi 12 ya mwisho, na kama unazo, ile ya mwezi wa kwanza kabisa kazini.
- Taarifa ya michango yako NSSF, mwezi kwa mwezi.
- Fomu za likizo: ulizochukua, na zile ulizoomba ukakataliwa.
- Mkataba wa mkopo wa benki, kama unao, pamoja na karatasi za bima ya mkopo.
- Kitambulisho cha NIDA na namba ya uanachama NSSF.
- Daftari dogo la tarehe. Andika nani alisema nini na siku gani.

Barua pepe na slipu zilizo kwenye mfumo wa kampuni zihamishe mapema, kwani akaunti hufungwa siku ile ile ya barua, mara nyingine saa ile ile. Chukua zinazokuhusu wewe tu. Ukibeba orodha ya wateja au hesabu za kampuni unampa mwajiri kosa la kukushitaki nalo, na hapo unatoka kwenye kupunguzwa unaingia kwenye nidhamu.

Hatua kwa hatua

1. Kwenye kikao cha mashauriano, uliza na uandike.

Sheria, kifungu cha 38 kama ilivyotungwa 2004, inamtaka mwajiri atoe taarifa mapema ya nia ya kupunguza watu, atoe taarifa muhimu, kisha ashauriane na chama cha wafanyakazi, au na wafanyakazi wenyewe pale ambapo hawana chama. Mashauriano hayo hufanyika kabla ya uamuzi. Kikao ambacho barua zimeshachapwa na ziko kwenye bahasha mezani hakihesabiki kuwa mashauriano, na hilo ndilo kosa ambalo waajiri wengi huangukia.

Uliza haya, kwa utulivu:
- Sababu ni nini hasa? Kama ni hasara, takwimu ziko wapi?
- Njia gani zimejaribiwa kuepuka kupunguza watu: kusimamisha ajira mpya, kukata ovataimu, kupunguza saa, kuhamisha watu idara nyingine?
- Wanaoondoka wamechaguliwa kwa kigezo gani? Aliyeingia mwisho ndiye anayetoka kwanza, au ujuzi, au nini?
- Lini, na malipo ni yapi?

Usisaini karatasi ya mahudhurio ikiwa tupu juu. Ni mchezo wa zamani: karatasi ya mahudhurio huja baadaye ikiwa kiambatisho cha "makubaliano ya kupunguza wafanyakazi". Andika kwa mkono pembeni ya saini yako: "Nimehudhuria tu," na tarehe. Muhtasari wa kikao ukiletwa, usome kabla ya kusaini. Pale usipokubaliana napo, andika hapo hapo.

Mkishindwa kuelewana, suala linatakiwa liende CMA kwa usuluhishi. Kama chama chenu kinalala, mfanyakazi mmoja aliyeandika barua ya kutokubaliana, ikapokelewa na kugongwa mhuri, anawasaidia wote.

2. Kataa kuandika barua ya kuacha kazi.

HR (afisa rasilimali watu) atakuja na sauti ya upole: "Andika tu barua ya kuacha kazi, tukulipe haraka, na kwenye CV yako itakaa vizuri." Usiandike. Ukiacha kazi mwenyewe unapoteza vitu vitatu kwa mpigo: kiinua mgongo, fao la kukosa ajira la NSSF, na hoja yako CMA kwamba ulisitishiwa ajira.

Kuondoka kwa makubaliano ni jambo jingine, na wakati mwingine linalipa kuliko sheria inavyotaka. Lakini makubaliano yawe na kiasi, tarehe ya malipo na sababu ya kuondoka vilivyoandikwa. Omba siku mbili tatu za kuyasoma nyumbani. Mwajiri anayesema "saini sasa hivi au hakuna" anakuonyesha kwamba anaogopa ukahesabu.

3. Piga hesabu yako kabla hujaona ya kwao.

Hapa ndipo watu wanapopunjwa zaidi, na mara nyingi si kwa wizi bali kwa kugawa mshahara vibaya. Mafungu ya kudai ni haya:

- Mshahara wa siku ulizofanya kazi na hujalipwa, pamoja na ovataimu.
- Notisi. Kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28. Ikiwa mwajiri hataki uitumikie, akulipe badala yake. Sehemu nyingi hulipa mshahara wa mwezi mmoja.
- Likizo ambayo hukuchukua, na likizo uliyokusanya ndani ya mwaka ambao haujaisha: siku moja kwa kila siku 13 za kazi.
- Kiinua mgongo: mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, usiozidi miaka 10. Lazima uwe umefikisha miezi 12 mfululizo.
- Nauli na gharama za mizigo mpaka mahali ulikoajiriwa, pamoja na pesa ya kujikimu hadi siku utakaposafirishwa, kama uliajiriwa kutoka mbali.
- Hati ya utumishi. Haina bei, ila ni haki yako na usiondoke bila hiyo.

Sasa mshahara wa siku moja. Jedwali la sheria linataka mshahara wa mwezi ugawanywe kwa 4.333 mara idadi ya siku unazofanya kazi kwa wiki. Anayefanya siku 6 anagawa kwa 26. Anayefanya siku 5 anagawa kwa 21.67. Wahasibu wengi hugawa kwa 30, kwa mazoea tu.

Tuchukue mfanyakazi mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 780,000, siku 6 kwa wiki, aliyeanza Machi 1, 2017 na kazi yake ikakoma Oktoba 31, 2024. Likizo zote za nyuma alichukua, isipokuwa ya mzunguko ulioanza Machi 2024. Notisi hakuitumikia.

Mshahara wa siku: 780,000 ÷ 26 = 30,000.
Mshahara wa Oktoba: 780,000.
Notisi: 780,000.
Likizo: miezi 8 × siku 26 = siku 208; 208 ÷ 13 = siku 16; 16 × 30,000 = 480,000.
Kiinua mgongo: miaka 7 iliyotimia × siku 7 × 30,000 = 1,470,000.
Jumla kabla ya nauli na kodi: 3,510,000.

Ile miezi 8 ya ziada haiingii kwenye kiinua mgongo, kwani mwaka haukutimia. Mhasibu akigawa kwa 30, mshahara wa siku unashuka hadi 26,000 na kiinua mgongo kinakuwa 1,274,000. Yaani 196,000 zimeyeyuka kwenye mstari mmoja, bado likizo. Anayefanya siku 5 kwa mshahara huo huo anapoteza zaidi, maana yeye stahili yake ni takriban 36,000 kwa siku.

PAYE, yaani kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara, itakatwa. Malipo ya kusitishiwa ajira huhesabiwa kuwa mapato ya ajira, kwa hiyo fedha itakayoingia benki itakuwa pungufu ya hesabu yako. Omba mchanganuo unaoonyesha kila fungu na kodi yake, kisha linganisha na wako fungu kwa fungu. Usilinganishe jumla peke yake.

Tahadhari: ukipewa kazi nyingine ndani ya kampuni, yenye masharti yanayofaa, ukaikataa bila sababu ya maana, kiinua mgongo kinaweza kuondoka. Kama unakataa kwa sababu kituo kipya kiko mkoa mwingine na mshahara ni mdogo, iandike sababu hiyo.

4. Pokea barua, soma mistari mitatu.

Mstari wa sababu: iandikwe kupunguzwa kwa mahitaji ya uendeshaji, siyo "kuacha kazi" wala "utendaji mbovu". Mstari wa tarehe: ajira inakoma lini hasa, kwa sababu siku za CMA zinaanzia hapo. Mstari wa malipo: lini na kwa njia gani.

Kisha tafuta sentensi iliyofichwa chini inayosema "sitakuwa na madai yoyote zaidi". Kupokea barua siyo kukubali yaliyomo. Saini kwa maneno haya: "Nimepokea leo tarehe fulani. Haki zangu nyingine zimehifadhiwa." Ukipewa fomu ya kukiri malipo, usiisaini mpaka fedha zionekane kwenye akaunti.

5. Shughulikia benki kabla fedha hazijaingia.

Kama una mkopo wa mshahara, soma mkataba leo. Mikataba mingi inaruhusu benki kuchukua mafao yako ya mwisho kulipia deni, na fedha zikitua kwenye akaunti ile ile ya mshahara unaweza kuamka ukakuta salio la shilingi elfu kumi. Nenda na barua, muone afisa mikopo, uulize mambo mawili: bima ya mkopo inagusa kupoteza kazi, au kifo na ulemavu peke yake? Na je, mkopo unaweza kupangwa upya kwa marejesho madogo? Benki husikiliza zaidi mtu aliyekuja kabla ya rejesho la kwanza kuruka.

Mwenye deni la Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu aiarifu bodi kwamba makato kupitia mwajiri yamekoma. Deni halisimami kwa kuwa kazi imesimama. Na kama familia inatumia bima ya NHIF kupitia kazini, muulize HR kadi zinafungwa lini. Mwenye dawa za presha au kisukari azichukue kabla ya tarehe hiyo.

6. Nenda NSSF.

Fao la kukosa ajira hulipwa kwa raia wa Tanzania aliye chini ya miaka 55, aliyechangia angalau miezi 18, na ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake. Kiwango ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Kwa mshahara wa 780,000 ni kama 260,000 kwa mwezi. Haitoshi kodi ya nyumba na ada kwa pamoja, lakini ipange kwenye bajeti. Aliyechangia chini ya miezi 18 hulipwa asilimia 50 ya michango yake mwenyewe kwa mkupuo.

Beba barua ya kusitishwa ajira, NIDA, namba ya uanachama na maelezo ya akaunti ya benki. Majina kwenye NIDA, NSSF na benki yafanane herufi kwa herufi. "Mohamed" huku na "Mohammed" kule vinatosha kukurudisha nyumbani na karatasi ya kiapo ya kutafuta.

7. Kama hukuridhika, fungua shauri CMA ndani ya siku 30.

Kuna siku 30 tangu ajira kusitishwa kwa mgogoro wa uhalali wa kusitishwa. Madai mengine, kama mshahara usiolipwa, yana siku 60. Usicheze na tofauti hiyo: fungua yote ndani ya 30. Kwenye mfano wetu, Oktoba 31 hadi Novemba 30, 2024, siku ya mwisho inaangukia Jumamosi. Mwenye busara anapeleka Ijumaa tarehe 29, na mwenye busara zaidi wiki ya pili.

Jaza Fomu Namba 1 ya CMA. Mpe mwajiri nakala kwanza, asaini au agonge mhuri kwenye nakala yako, ndipo uwasilishe CMA pamoja na uthibitisho huo. Hakuna ada.

Fomu hii inaua mashauri mengi kuliko mawakili. Makosa ya kawaida ni haya:
- Kuandika "nilipwe haki zangu zote" bila kutaja mafungu na viwango. Usichokidai kwenye fomu utabanwa kukidai baadaye.
- Kuruka sehemu B, ambayo ni ya migogoro ya kusitishwa ajira, inayouliza kama sababu na utaratibu vilikuwa halali. Jibu yote mawili. Mara nyingi sababu ni ya kweli na utaratibu ndio mbovu.
- Kuandika tarehe ya mgogoro kuwa siku ya tangazo la kwanza, ukajichelewesha mwenyewe kwenye karatasi.

Mwenye mkataba wa muda maalumu ajue kwamba mkataba kufika mwisho wake hakuitwi kupunguzwa. Ukivunjwa kabla, dai lake kwa kawaida huwa ni mishahara ya miezi iliyobaki, na alitaje hivyo kwenye fomu. Aliye na chini ya miezi sita kazini hana kinga ya kusitishwa isivyo halali, ila mshahara wake na notisi bado anavidai.

Usuluhishi huchukua hadi siku 30. Unaweza kwenda mwenyewe, na mwakilishi wa chama, au wakili. Usikose kikao, msuluhishi ana mamlaka ya kulifuta shauri la mlalamikaji asiyetokea. Wengi hulipwa hapa, kwa sababu mwajiri anapoona mchanganuo uliopigwa kwa 26 na si kwa matamanio, hana la kubishia. Msipoelewana, unaomba uamuzi. Asiyeridhika na tuzo (uamuzi wa CMA) ana wiki sita kuomba mapitio Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi.

Mambo yakikwama

"Tumeambiwa tukae nyumbani mpaka tuitwe, hakuna barua." Hiyo ndiyo hali ngumu kuliko zote, kwa kuwa huna tarehe. Andika barua ya kuuliza: likizo hii ni ya aina gani, inaanza na kuisha lini, mshahara unaendelea? Ipeleke ipokelewe, nakala ubaki nayo. Ripoti kazini kila baada ya muda na uandike tarehe. Wakikuzuia getini au mtu mwingine akishika nafasi yako, hesabu siku 30 kuanzia hapo.

"HR amekataa kupokea barua yangu." Tuma kwa posta ya rejesta au kampuni ya kusafirisha vifurushi, hifadhi risiti. Tuma pia kwa barua pepe rasmi ya kampuni. Kumwachia mlinzi bila saini ni sawa na kutopeleka.

"NSSF inaonyesha miezi pungufu." Slipu zako zinaonyesha makato yalifanyika; zipeleke tawi la NSSF ili mwajiri afuatiliwe. Usikubali mwajiri akulipe michango hiyo mkononi, kwani miezi ya kufikisha 18 itabaki wazi kwenye rekodi.

"Siku 30 zimepita." Unaweza kuomba CMA ikuongezee muda, kwa maombi maalumu yenye sababu na ushahidi: cheti cha hospitali, barua za mazungumzo. Eleza kila siku iliyochelewa. "Sikujua sheria" haikubaliki. "Mwajiri alisema atalipa" pia huwa dhaifu, hata kama ni kweli, ndiyo maana unafungua shauri hata mazungumzo yakiwa yanaendelea vizuri.

"Wiki tatu baadaye wameajiri wengine kwa nafasi zetu." Kusanya tangazo la kazi lenye tarehe na cheo. Sababu ya kupunguzwa inaanza kuonekana ya uongo. Kama shauri liko CMA, mpe mwakilishi wako aliingize kwenye ushahidi. Kama hujafungua, angalia kalenda kwanza.

"Wamelipa nusu, nusu watalipa mwakani." Pata ratiba ya malipo yenye tarehe na saini, na kama shauri limefunguliwa, makubaliano yaandikwe na kusajiliwa CMA. Hati ya aina hiyo hutekelezwa kwa kukaziwa mahakamani, wakati ahadi ya simu itabidi uianzie mwanzo.